Nyuti Hula Nini? Chakula Kimfaacho Mnyama wa Majini Afugwaye Nyumbani

Mtu akisimulia kwamba huko Ulaya, Marekani na Japani wako watu wafugao ndani ya nyumba zao mnyama mdogo wa majini, asiyetoa maziwa wala mayai ya kuliwa, asiyelinda mlango wala kukamata panya, huenda msomaji akacheka. Na akiongeza kwamba watu hao husumbuka sana juu ya chakula cha mnyama huyo, wakachagua na kupima kama mama amlishaye mtoto wake wa kwanza, huenda msomaji akadhani ni hadithi tu. Lakini si hadithi. Mnyama huyo aitwa nyuti, na habari za chakula chake zastahili kusomwa, kwa kuwa wengi hufa mikononi mwa watu wawapendao, wala hawafi kwa njaa, bali kwa kushiba chakula kisichowafaa.

Ukimtazama nyuti mara ya kwanza utasema ni mjusi, maana ana miguu minne mifupi na mkia mrefu. Walakini mjusi ana magamba, naye hupenda kuota jua. Nyuti hana magamba, ngozi yake ni laini na yenye unyevu, na jua kali humwua. Yeye ni jamaa ya chura. Kama chura, hutaga mayai majini, na mtoto hutoka katika yai akivuta pumzi kwa matamvua kama samaki, kisha huota miguu. Tofauti ni kwamba chura akikua mkia wake hupotea, na nyuti hubaki nao maisha yake yote. Basi mtu akimwita chura mwenye mkia hatakosea sana. Ziko aina zaidi ya 100, nazo zakaa Ulaya, Asia, Amerika ya Kaskazini, na pande za Afrika ya Kaskazini kama Moroko na Algeria. Kusini ya Sahara hakuna nyuti wa asili hata mmoja, na ndiyo sababu jina lake imetupasa kuliazima.

Jamaa yake wa mbali, hata hivyo, tunaye hapa Kenya. Katika vilima vya Taita huishi ardhini mnyama asiye na miguu, ambaye mkulima akimfukua kwa jembe hudhani ni nyungunyungu mnene. Naye si nyungunyungu wala si nyoka, bali ni wa ukoo huo huo wa chura na nyuti. Wataalamu humwita sesilia. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza jambo la ajabu juu yake. Mama akiwa na watoto, ngozi yake hunenepa na kujaa mafuta, na watoto huikwangua kwa meno yao ya pekee wakaila, kisha ngozi hiyo huota tena baada ya siku chache, wakaila tena. Hicho ndicho chakula chao cha kwanza. Tumetaja habari hiyo ili ionekane kwamba katika ukoo huu wa wanyama kila aina ina desturi yake ya kula, na mtu hawezi kubahatisha.

Nyuti wafugwao zaidi majumbani ni wale wa Japani na China wenye tumbo jekundu kama moto. Urefu wao ni kama kidole cha mtu mzima, au zaidi kidogo. Akitunzwa vema, nyuti huishi zaidi ya miaka 10, na wengine hufikia 20 na kupita. Kwa hiyo baba amnunuliaye mtoto wake wa darasa la kwanza nyuti, na ajue kwamba mtoto huenda akamaliza shule na nyuti angali hai. Wataalamu nao huwafuga kwa sababu nyingine. Tangu mwaka 1768, Mwitalia aitwaye Lazzaro Spallanzani alipoandika habari za salamanda waoteshao tena miguu iliyokatwa, watu wa sayansi wamekuwa wakichunguza jambo hilo. Nyuti akikatwa mguu huota mwingine, wenye mifupa na vidole vyake.

Kabla ya kuingia katika chakula chenyewe, neno moja la hadhari. Watu wa pwani wamjua samaki aitwaye bunju, na jinsi watu wa nyumba nzima wawezavyo kufa kwa kumla. Sumu iliyo ndani ya bunju imo pia katika ngozi ya nyuti wengi, hasa wale wa Japani, China na magharibi ya Marekani. Mwaka 1979, katika jimbo la Oregon, kijana mmoja alimeza nyuti mzima kwa mzaha, naye akafa siku ile ile. Kumgusa tu hakuui, lakini mfugaji na anawe mikono kwa sabuni kila amalizapo kumlisha, wala asijifute macho kabla ya kunawa. Hata kabla ya kumlisha na anawe, ila asuuze sana, maana ngozi ya nyuti hunywa kila kitu kiigusacho, na sabuni kidogo au mafuta ya kujipaka yaweza kumdhuru.

Sasa basi, nyuti hula nini? Jibu la kwanza ni kwamba hula nyama tu, yaani wanyama wengine wadogo kuliko yeye. Mkate, wali, majani na matunda si chakula chake, wala tumbo lake haliwezi kuvitumia. Jibu la pili ni kwamba macho yake hutafuta kitu kinachotikisika. Kipande cha chakula kilicholala kimya chini ya maji huenda akakipita kama jiwe, ingawa pua yake humsaidia pia na wengine huzoea. Jibu la tatu ni kwamba hatafuni. Meno anayo, lakini ni madogo mno, ya kushikia tu. Kila kitu humezwa kizima. Kwa hiyo wafugaji wana kipimo chao: kipande cha chakula kisizidi upana wa kichwa cha nyuti mwenyewe. Akipewa kikubwa zaidi, ama atakitema, ama atakimeza kikamkwama.

Katika vyakula vyote, mfalme ni nyungunyungu. Jambo hili huwashangaza watu waendao dukani kununua makopo ya bei kubwa, kumbe chakula bora kiko chini ya miguu yao, katika udongo wenye unyevu. Nyungunyungu ana nyama nyingi na mafuta kidogo, hana gamba gumu, na zaidi ya hayo ana madini ya kalisi, yaani yale ya chokaa, kuliko wadudu wengi. Mkubwa hukatwa vipande, navyo huendelea kunyonganyonga majini, na nyuti akiona hivyo huja mbio. Wengi huvishika vipande hivyo kwa kibano kisicho na ncha kali, wakavitikisa mbele ya pua yake.

Walakini si kila nyungunyungu afaaye. Wale wadogo wekundu wa katika lundo la samadi, wakikatwa au kubanwa, hutoa maji ya manjano yenye harufu mbaya, na nyuti wengi huwatema na kufuta midomo yao chini kama mtu aliyeonja shubiri. Tena, nyungunyungu aliyechimbwa katika shamba au bustani iliyonyunyiziwa dawa ya wadudu ni hatari. Dawa ile haikumwua nyungunyungu, lakini imo mwilini mwake, na nyuti alaye nyungunyungu kila wiki huikusanya kidogo kidogo. Afadhali mfugaji awafuge nyungunyungu wake mwenyewe, katika sanduku la udongo safi wenye unyevu, awape majani makavu na maganda ya mboga, na kuwaosha kwa maji kabla ya kuwatumia.

Hapa yafaa tueleze habari ya kalisi, kwa maana ndiyo yenye kuua wengi. Mwili wa mnyama mwenye mifupa huhitaji madini mawili yaendayo pamoja, kalisi na fosforasi. Fosforasi ikizidi sana na kalisi ikipungua, mwili hauna budi kuichukua kalisi mahali ilipowekwa akiba, na akiba hiyo ni mifupa. Basi mnyama aonekana anakula na kushiba, na huku anajila mwenyewe kwa ndani. Taya hulegea, mgongo hupinda, miguu hushindwa kumchukua, na mara nyingine mfupa huvunjika bila ya kupigwa. Wasomaji waliowaona watoto wenye matege wataelewa mara moja, kwa kuwa ugonjwa huo ni ndugu wa huo. Nyenje, ambao huuzwa kwa wingi kuwa chakula cha wanyama wa kufugwa, wana fosforasi mara kadhaa kuliko kalisi. Nyama ya ng'ombe ni vivyo hivyo. Mfugaji atumiaye nyenje hupaswa kuwapaka unga wa kalisi wenye vitamini D3 kabla ya kumpa nyuti wake aliye nchi kavu. Majini unga huo huoshwa wote ukapotea, na hii ni sababu moja zaidi ya kumsifu nyungunyungu.

Chakula cha pili kwa umaarufu ni vijidudu vyekundu vya matopeni. Watu wakaao kando ya Ziwa Victoria wajua wadudu wale watokao ziwani makundi makundi, wakapanda juu kama moshi, wakajaa katika taa na katika vyungu. Baadhi yao, walipokuwa wachanga, walikuwa vijidudu vya namna hiyo, vyekundu kama damu, vikaavyo chini ya ziwa. Wekundu wenyewe ni wa damu kweli, kwa maana hewa ni haba matopeni na vijidudu hivyo hutumia himoglobini kuishika, kama tufanyavyo sisi. Jamaa zao huko ng'ambo hugandishwa kwa barafu na kuuzwa vipande vipande, na nyuti huwapenda mno. Ubaya wake ni huo huo wa kupendwa. Mfugaji akiona kwamba nyuti wake hafurahii kitu kingine, humpa hivyo tu mwaka mzima, na nyuti huwa kama mtu alaye chai na mkate asubuhi, mchana na jioni: tumbo halina njaa, na mwili haujengeki.

Kwa nyuti wadogo wako wadudu wa majini waitwao dafnia, wadogo kama punje ya mtama, warukao-rukao ndani ya maji, na pia vikamba vidogo vya maji ya chumvi viitwavyo artemia. Mayai ya artemia huuzwa makavu kama vumbi, yakatiwa katika maji ya chumvi, na baada ya siku moja hivi hutoka watoto wadogo kuliko ncha ya sindano. Kiluwiluwi wa nyuti hula hao siku zake za kwanza, kwa maana hakubali chakula kisichocheza. Wako pia vijinyungunyungu vyembamba viitwavyo tubifeksi, lakini hao hukaa katika matope ya maji machafu na huweza kuleta maradhi, nasi tungemshauri mtu awaache.

Msomaji mwenye akili atauliza: je, viluwiluwi vya mbu? Naam, nyuti huvila kwa furaha, na ni chakula chema, ila mfugaji asiyeangalia hupata mbu chumbani. Na tafadhali mtu asirukie kusema kwamba basi tulete nyuti katika mabwawa yetu watumalizie mbu. Mambo kama hayo yalijaribiwa kwa samaki. Samaki mdogo wa Amerika aitwaye gambusia alipelekwa nchi nyingi ili ale viluwiluwi vya mbu, naye akala pia mayai na watoto wa samaki na vyura wenyeji. Tena nyuti wachukuliwao nchi kwa nchi huchukua maradhi. Mwaka 2013 wataalamu walitambua ukungu mpya uliokuwa ukiwaua salamanda wa Uholanzi karibu kuwamaliza, ukungu ambao asili yake ni Asia, nao wadhaniwa ulifika Ulaya pamoja na wanyama wa biashara. Ndiyo sababu mwaka 2016 Marekani ilizuia kuingizwa kwa aina 201 za salamanda na nyuti. Huko Uingereza nako, yule nyuti mkubwa mwenye upanga mgongoni amelindwa kwa sheria tangu 1981, na haifai mtu kumtoa bwawani kwake na kumfuga bila ruhusa.

Tukirudi katika chakula, viko vitu visivyofaa kabisa. Nyama ya ng'ombe, kondoo au nguruwe ina mafuta yagandayo katika ubaridi, na nyuti ni mnyama ambaye joto la mwili wake ni lile la maji aliyomo. Mafuta hayo tumbo lake halina nguvu ya kuyayeyusha. Wako funza wa unga wenye ganda gumu lisilosagika tumboni, na funza wa nta ya nyuki walio mafuta matupu; hao wa pili huweza kutolewa mmoja mara moja kwa siku nyingi, kama peremende. Na wako samaki wadogo wa madukani, ambao wengine wao wana kitu mwilini kiharibucho vitamini B1.

Juu ya vitamini hiyo pana kisa cha kweli kifaacho kukumbukwa. Katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji uitwao leo Jakarta, akichunguza ugonjwa wa beriberi uliokuwa ukiwapoozesha watu miguu. Aliwaona kuku wake wameshikwa na ugonjwa kama huo, wakiyumbayumba. Baadaye wakapona wote. Akauliza, akaambiwa kwamba kuku walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni, kisha mpishi mwingine alikataa kuwapa, wakarudi kula mchele usiokobolewa. Tofauti ilikuwa katika yale maganda yaliyotupwa, kwa maana humo ndimo ilimokuwa vitamini B1. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Nyuti alishwaye samaki wa namna ile tu hupatwa na jambo la jinsi hiyo: hutetemeka, hushindwa kuogelea sawasawa, na mwenye kumfuga hajui sababu, kwa kuwa kila siku amwona anakula.

Kiasi cha chakula nacho ni shida, kwa sababu nyuti ni mwombaji hodari. Akizoea mtu, humjua kwa kivuli chake na kuja kwenye kioo akitazama juu, na mwenye huruma humpa tena na tena. Viluwiluwi hulishwa kila siku, na wachanga kila siku au siku moja baada ya nyingine. Mkubwa hutosheka na mara 2 au 3 kwa wiki, kila mara kiasi awezacho kumaliza kwa dakika chache. Atazamwe kwa juu: tumbo likizidi sana upana wa kichwa, na huyo si jike mwenye mayai, apunguziwe. Kinachobaki kitolewe siku ile ile. Chakula kikioza majini hutoa amonia, sumu ile ile ambayo harufu yake yajulikana na kila aliyeingia katika banda la kuku lisilosafishwa, na nyuti hawezi kuikimbia, maana ni maji yale yale avutayo kwa ngozi yake. Na mahali pa kulia pasiwe na changarawe ndogo, kwa kuwa akiruka kushika nyungunyungu huweza kumeza jiwe pamoja naye.

Kosa jingine huwapata wasiojua kwamba nyuti hubadilika kwa umri. Aina nyingi, zikiisha poteza matamvua, hutoka majini zikaishi nchi kavu chini ya majani na magogo, na wengine, kama yule wa mashariki ya Marekani, hukaa huko miaka 2 au 3, rangi yao ikawa nyekundu ya kung'aa, kabla ya kurudi majini. Wakati huo hawataki chakula cha majini kabisa. Wapewe vijidudu vidogo vya ardhini, vinzi vya matunda visivyoruka, na nyungunyungu wachanga. Mfugaji amlazimishaye kukaa majini kwa kuwa amezoea kumwona humo, huenda akamkuta amekufa maji, jambo ambalo kwa mnyama wa majini ni ajabu kulisikia, lakini hutokea.

Mwisho ni habari ya nyuti anayekataa kula. Kitu cha kwanza kukitazama si chakula, bali ni joto. Nyuti wengi hupenda maji ya nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi; yakipita 24 hivi hupoteza hamu ya kula na kuanza kudhoofika. Maji ya chumbani Mombasa yangemshinda siku ya kwanza. Aliyetoka safarini naye huenda asile siku kadhaa, na wakati wa baridi kali wengine hupumzika. Mkubwa aliyenona aweza kukaa wiki moja au mbili bila chakula pasipo madhara. Asishikwe na kufunguliwa kinywa kwa nguvu, maana taya zake ni nyororo. Akipita hapo naye anakonda, au ana vidonda, aonyeshwe kwa daktari wa wanyama ajuaye wanyama wa namna hiyo. Lakini pengine sababu ni ndogo tu. Mara kwa mara nyuti hujivua ngozi, nyembamba kama karatasi ya sigara, na kwa siku moja au mbili kabla ya hapo hali kitu. Kisha huivuta kutoka kichwani hadi mkiani, akaikunja kwa kinywa na kuimeza yote. Mfugaji akiyaona hayo asishtuke wala asimnyang'anye. Siku ya pili yake ampe kipande cha nyungunyungu, naye atakipokea.